Fundi kabandika shelfu kwa gundi, imeanguka, ananiuliza "kwani mliweka vyombo?"

MamaWawili:

Wakuu salaam, ingawa leo sina salaam na mtu.

Simu nimeikata dakika tano zilizopita na mkono bado unatetemeka. Yule fundi mnamjua. Jina silitaji ng'o, lakini mnamjua: pikipiki nyekundu, penseli sikioni, na ile "ondoa shaka mama" yake. Hakuna nyumba mtaa huu ambayo hajatengeneza kitu, na hakuna kitu alichotengeneza ambacho hakijalala chali.

"Kwani mliweka vyombo?"

Nirudie kwa waliochelewa. Shelfu ya jikoni. Nilimwita nikamwambia fundi, nataka shelfu ya vyombo. Akachukua sahani yangu akapimia upana wa ubao. Kwa sahani! Shelfu imeanguka, nampigia, ananiuliza kwani mliweka vyombo. Nilitakiwa niweke nini, maua ya plastiki? Au tukae sebuleni tuipigie makofi?

Alikuja bila drili. Namuuliza drili iko wapi fundi, akatoa tyubu ndefu kama roketi na bunduki yake ya kuminyia. Mama, kutoboa ukuta ni ushamba, siku hizi watu wanabandika, hii kitu inabeba hata Noah. Sasa vile vyuma vya kushikilia ubao vina matundu. Kiwanda kizima kilikaa kikatoboa yale matundu ili mtu apitishe skrubu. Yeye kayaziba kwa gundi. Kaweka matone matone kama anapamba keki ya bethidei, kabonyeza, kahesabu mpaka thelathini kwa sauti, kachukua elfu ishirini na tano yake, huyo kaondoka. Nisubiri ikauke? Hakusema. Jioni ile ile nikapanga vyombo, tena navipanga kwa maringo.

Siku ya tatu akaja mama mkwe kutoka Korogwe. Nikavitoa vile vyombo vya kichen pati, ambavyo hata baba watoto hajawahi kuvinywea chai tangu tuoane. Saa tisa usiku nikasikia kishindo, nikajua lori la mchanga limeingia jikoni. Mama mkwe katoka na khanga moja anapiga yowe la mwizi. Yowe la mwizi Tabata mnalijua. Dakika haijaisha, getini kuna wanaume kumi na marungu, na jirani mmoja kashika mwiko. Kuingia ndani, mwizi mwenyewe ni shelfu. Vikombe sita hatunavyo tena. Hotipoti ilibingirika kutoka jikoni, ikapita sebuleni, ikaenda kutulia miguuni kwa mama mkwe kama inaomba radhi.

Na gundi ipo! Yote ipo nyuma ya vyuma, haijapungua hata tone. Imeng'oka na rangi ya ukuta. Sasa nina madoa matatu ukutani, kila moja saizi ya chapati.

Asubuhi nikampigia. Sikutukana, Mungu ni shahidi. Nikasema fundi, ile shelfu imeanguka. Akanyamaza kidogo. Halafu kwa sauti ya upole kabisa, kama daktari anayetaka kujua ulikula nini jana:

"Kwani mliweka vyombo?"

Simu ilikuwa spika. Mama mkwe kasikia. Kasema "mh" tu, akaendelea kuchambua mchele.

ChapatiTatu:

Weka picha. Uzi bila picha ni hotuba.

Jirani Mwema:

Mimi nimebaki kwa mwenye mwiko. Alitaka kumsonga mwizi?

Kobe Mwendapole:

Kwani mliweka vyombo?

MamaWawili:

Kobe usinichokoze leo, nitakuhamishia hasira.

Kobe Mwendapole:

Nauliza tu dada yangu.

Binti wa Njiro:

Huyo huyo! Ndiye aliyenibandikia kioo cha bafuni kwa ile silikoni inayonuka kama siki. Kuanguka hakijaanguka, ila kimeliwa kwa nyuma, madoa meusi yanatembea. Kila asubuhi napiga mswaki najiona kama nina mapunye usoni. Baadaye ndiyo naambiwa ile ya siki haifai kwenye kioo, inakula ule mpako wa nyuma.

Msukuma Toroli:

Binti, wewe si uko Arusha? Fundi wa mleta uzi ni wa Tabata.

Binti wa Njiro:

Ana pikipiki.

mzee_wa_keekee:

Pole dada, lakini gundi tusiisingizie. Gundi hushika kile ilichogusa, na kwako iligusa rangi ya maji, nayo rangi imekaa juu ya vumbi la skimu, ule mpako laini wa juu ya plasta. Kwa hiyo vyombo vyako vilikuwa vimening'inia kwenye vumbi. Angekwangua mpaka afike kwenye plasta, afute vumbi, apake mistari ya wima badala ya hayo matone, halafu mkae siku nzima au mbili bila kuigusa, labda ingefika Jumapili.

Na bado nisingeweka hotipoti. Shelfu ikibeba mzigo, kile chuma kinavutwa kwa juu kitoke ukutani, ni kama unavyobandua stika, unaanza na ukingo mmoja na mwingine unafuata wenyewe. Gundi ukiivuta kuelekea chini inakaza, ukiibandua kwa ukingo inakubali. Ndiyo maana inafaa skating (ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta), ubao wa mapambo, ndoano ya taulo juu ya malumalu. Shelfu ya vyombo inataka biti ya zege ya milimita 6, fisha (kile kiplastiki kinachoingia tunduni kushika skrubu) na skrubu. Na msitoboe sawasawa juu wala chini ya soketi, waya umelala humo.

Hizo fisha zenyewe mnaziita hivyo kwa sababu ya Mjerumani Artur Fischer, aliyeleta ile ya nailoni mwaka 1958.

ChapatiTatu:

1958 nani kakuuliza mzee?

Kobe Mwendapole:

Mzee kaandika gazeti zima, swali la msingi kaliruka. Waliweka vyombo au hawakuweka?

MamaWawili:

Mzee asante, ila nimeshapata degrii ya gundi na mama mkwe anaangalia. Fisha sita na skrubu zake hazifiki elfu tatu. Elfu tatu! Mimi shida yangu siyo kuanguka. Vitu vinaanguka, hata mabunge yanavunjwa. Shida yangu ni ule upole. Angesema "pole" nikanyamaza. Angesema "nakuja" nikapika na chai. Yeye "kwani mliweka vyombo?"

Mwana wa Kibokoni:

Nyinyi wa Dar mwalia na kuta za bloku? Njooni huku Mombasa, nyumba zetu za zamani ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Watoboa tundu la skrubu, watoka unga mpaka mkono waingia. Watia gundi, inakuja na chokaa yake mkononi kama wapakua ugali. Wazee wetu walikuwa na akili wallahi, walichonga zidaka ndani ya ukuta wenyewe wakaweka vyombo vyao vya Kichina humo. Hakuna skrubu, hakuna gundi, hakuna kupigia mtu simu.

Jirani Mwema:

Kwa hiyo mleta uzi achimbe ukuta wa mwenye nyumba aweke kidaka? Atalala nje na mama mkwe wake.

Mpangaji Sugu:

Mmegusa kidonda. Mimi gundi natumia kwa sababu ya mwenye nyumba. Siku nahama kule Kimara alipita na tochi anahesabu matundu ya misumari, elfu mbili kila tundu, anakata kwenye hela yangu. Kuna tundu nililikuta nalo nimelilipia. Kuna moja nina uhakika lilikuwa la mende.

MamaWawili:

Na gundi ikiondoka na rangi yake kama kwangu?

Mpangaji Sugu:

Pale kwenye chapati natundika kalenda.

ChapatiTatu:

Kalenda unaitundika kwa nini, kama si msumari?

Mpangaji Sugu:

Wakuu tuendelee na mada.

Fundi Wenu:

Mimi ni fundi, naomba kusema. Wateja mnataka shelfu ya vyombo, mnatoa hela ya ndoano ya funguo. Ukimwambia mtu drili inahitaji biti mpya anasema mbona fundi wa jirani hatoboi. Sasa mmepata wa jirani.

MamaWawili:

Fundi Wenu, una pikipiki ya rangi gani?

Fundi Wenu:

Nyeusi mama, ondoa shaka.

Jirani Mwema:

KASEMA ONDOA SHAKA

Msukuma Toroli:

Mafundi wote mama mmoja. Mimi fundi cherehani nilimpa kitambaa Februari, harusi ya mdogo wangu ilikuwa Aprili. Harusi imepita, bibi harusi ana ujauzito wa miezi saba, suti bado "njoo Ijumaa". Kwenye picha zote za mdogo wangu nimesimama nyuma ya spika za muziki kwa sababu ya shati nililovaa badala ya suti.

Binti wa Njiro:

Afadhali wewe. Mimi gauni la sendofu nilienda kulichukua nikaambiwa bado mikono. Jumapili nikalikuta kanisani, limevaliwa na mke wake. Na mikono ilikuwepo.

Mwana wa Kibokoni:

Lilimkaa?

Binti wa Njiro:

Lilimkaa kuliko mimi, ndicho kinachoniuma.

Kobe Mwendapole:

Ijumaa ya fundi cherehani haimo kwenye kalenda ya Mpangaji.

MamaWawili:

Wakuu. Kaja. Pikipiki iko getini, mama mkwe ndiye kamfungulia na kampa kiti. Drili hana. Ana tyubu mbili.

Jirani Mwema:

Msukuma, lakini hiyo suti si ungeenda na mjumbe?

Msukuma Toroli:

Nilienda na mjumbe. Mjumbe naye akaacha kitambaa chake.

Binti wa Njiro:

Yuko mtaa gani huyo? Nakuja Dar mwezi ujao, nina vitenge viwili.

Msukuma Toroli:

Anashona vizuri lakini. Nenda Ijumaa.