Naombeni ushauri: sandwichi za mtoto zinalowana kabla ya saa nne, nyie mnazitengenezaje?

Mama Twaha
Assalaam aleykum wadau, habari za kutwa. Mie niko Tanga mjini, Chumbageni, naombeni mnisaidie hili jambo maana limenikaa kichwani wiki ya pili sasa. Mwanangu yuko darasa la tatu, anatoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro alfajiri na kula anakula saa nne wakati wa mapumziko. Andazi kalichoka, chapati anasema ikipoa inamshinda, kawaona wenzake wanafungiwa sandwichi basi na yeye anataka sandwichi. Sawa, nikaanza. Nachukua slesi mbili napaka mayonezi, naweka yai la kuchemsha nimelikatakata, nyanya, tango, jani moja la saladi, nafunika naweka kwenye kopo lake nafunga kabisa. Asubuhi ukiitazama inapendeza.

Juzi karudi nayo nzima. Nimelifungua kopo pale pale mlangoni, mfuniko kwa ndani umejaa matone kama mfuniko wa sufuria ya wali, slesi ya chini imegeuka rangi ya nyanya, nimeigusa kidole kikazama mpaka kwenye yai, na ile harufu ya yai lililoshinda kwenye joto mnaijua. Mtoto kakaa na njaa mpaka saa nane mchana. Iliniuma wallahi, nilikaa jikoni machozi yakanitoka.

Nauliza hivi, nyie mnazipangaje mpaka zifike saa nne zikiwa na afya? Na zipi mnazipenda wenyewe, maana sitaki kumlisha yai kila siku ya Mungu. Tena kaniuliza kwanini inaitwa sandwichi, sikuwa na jibu, anayejua aniambie nimwambie.

Kaka wa Kange
Pole sana dada. Mie nafunga sandwichi za abiria wa mabasi ya alfajiri hapa stendi, mtu anainunua saa kumi na moja anaila yuko Chalinze huko, kwahiyo hili la kulowana nimepigana nalo muda mrefu.

Kwanza mayonezi haiuzuii mkate kunywa maji vizuri kama siagi. Paka siagi slesi zote mbili, upande wa ndani, mpaka kwenye ukingo kabisa usiache pembe hata moja, maana maji ya nyanya yakipata pembe kavu yanaingilia hapo hapo. Mayonezi kama mtoto anaipenda changanya na yai, usiipake kwenye mkate.

Pili nyanya. Usiiweke kama ilivyo. Ikate kati, toa mbegu zote na ule utelezi wake, halafu kata vipande vyembamba nyunyiza chumvi kiduchu acha kwenye chujio dakika kumi, utashangaa maji yatakayotoka. Kisha kandamiza na kitambaa safi. Tango hivo hivo. Na nyanya isilalie mkate, hapo katikati yake tanguliza jani la saladi ambalo umelifuta likakauka, ukilitoa kwenye maji ukaliweka hivohivo umerudi kule kule.

Tatu, hayo matone kwenye mfuniko yanatokana na kufunga kitu cha moto. Yai lako lilikuwa la moto au la uvuguvugu, sikosei. Kila kitu kipoe kabisa ndo ufunge. Na yai lisichemke muda mrefu, dakika tisa kumi inatosha halafu lizamishe kwenye maji ya baridi, ukiona kiini kimezungukwa na rangi ya kijani ujue umelipitiliza na hiyo harufu inazidi.

Nesi wa zamu
Mama Twaha usiudhike na mie nitasema ukweli, hilo yai asingelikula ni heri. Kanuni tunayofundisha ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili, na joto likipita sentigredi 32 basi ni saa moja tu. Hapa kwetu mwezi wa pili na wa tatu unajua lilivyo, na begi la mtoto likiwa dirishani darasani ndo kabisa. Toka saa kumi na mbili kasoro mpaka saa nne ni masaa manne na zaidi.

Fanya hivi, chupa yake ndogo ya maji au ya juisi ya ukwaju ijaze robo tatu uilaze kwenye friza usiku, asubuhi unaiviringisha kitambaa unaiweka ubavuni mwa kopo ndani ya begi. Ikifika saa nne imeyeyuka anakunywa na chakula kimebaki baridi. Wangu watatu wote nimewasomesha hivo.

Abuu wa Raskazone
Mie nipo tofauti, sandwichi yangu haifungwi inaliwa hapo hapo. Nenda Deep Sea, pale soko la samaki, asubuhi boti zinaporudi, chukua samaki changu wa saizi ya kiganja, mpake chumvi, thomu na ndimu, mkaange akauke kweli kweli. Mchambue miiba kwa vidole taratibu, hapo usiwe na haraka, upitishe kila kipande kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka uwe na uhakika. Chukua boflo, ule mkate mdogo wenye gamba, lipasue ubavu usilitenganishe, lipashe juu ya jiko la mkaa ule upande wa ndani mpaka lianze kukwaruza, halafu samaki, halafu kachumbari uliyoikamua ikabaki kavu, ndimu tena juu. Hakuna mayonezi hapo wala tomato sosi, vinaua ladha ya samaki. Mama Twaha mtengenezee dogo siku ya Jumamosi.

Nesi wa zamu
Ya Jumamosi nyumbani sawa kaka Abuu, nakubaliana na wewe moja kwa moja. Ila ya shule asifungiwe samaki, na hasa jodari, nguru na vibua. Hao wakikaa kwenye joto nyama yao inatengeneza sumu ambayo hata ukikaanga haitoki, mtu anakula uso unamuwaka mwekundu, anawashwa mwili, kichwa kinamgonga, watu wanadhani ana aleji kumbe ni samaki alichelewa kupata barafu. Nunua kwa anayemtunza kwenye barafu toka botini.

Bi Kidawa wa Barabara ya 9
Mwanangu Mama Twaha hujambo. Nimesoma yote. Nyie watoto mnahangaika na hizo slesi, ule mkate laini mno hauna ngozi, ndo maana unazama. Mtafutie boflo. Lina gamba juu, ukilipasua na kuliweka kitu linahimili. Sisi hapa Ngamiani tumekua na boflo na katlesi, boflo na kababu, boflo na bajia, hatukuita sandwichi lakini ndo hiyo hiyo.

Katlesi kavu haina maji ya kumwaga. Unachemsha viazi na maganda yake usivimenye kwanza, vikiiva ndo unamenya unaponda vikiwa vya moto. Kima yako umeikaanga na thomu, tangawizi, kitunguu maji, bizari nyembamba na kotmiri mpaka imekauka chini ya sufuria haina hata tone, ukamulie ndimu. Unachukua kiazi kiganjani unakitandaza, kima katikati, unafunga unaibonyeza iwe bapa kama kisahani ili ikae vizuri ndani ya boflo. Yai, kaango, basi. Pika jioni, ipoe, friji, asubuhi unaiweka kwenye mkate ikiwa baridi hivo hivo.

Chatne ya nazi ni tamu na katlesi lakini usimfungie, nazi mbichi ikishinda kwenye joto inachacha. Hiyo muwekee akirudi. Ya shule pika chatne ya ukwaju nzito, ukwaju na sukari na chumvi na pilipili kidogo, ichemke mpaka igande kwenye kijiko, upake kidogo tu juu ya katlesi isiguse mkate.

mtu_wa_Makorora
Bi Kidawa shikamoo. Hii ya boflo na kiazi nimeikuta mpaka India, nilikaa Mumbai miaka miwili kwa masomo, wanaita vada pav, ni donge la kiazi lililochovywa kwenye unga wa dengu kama kachori zetu, ndani ya mkate mdogo, na hilo neno pav lina asili ya Kireno, maana yake mkate. Sasa kilichonifurahisha kule wana chatne KAVU, thomu na nazi iliyokaushwa na pilipili nyekundu vinakaangwa kavu halafu vinasagwa unga. Unanyunyiza ndani ya mkate, ladha yote ipo na mkate haulowani hata chembe. Nimeshaifanya hapa nyumbani kwenye blenda, nazi kavu ya kukuna unaikaanga moto mdogo mpaka iwe rangi ya udongo. Ya mtoto punguza pilipili. Mie hii naiweka juu ya sandwichi zote mpaka ya yai.

Kuhusu jina, mwambie Twaha Sandwich ni mji huko Kent, Uingereza. Kulikuwa na bwana mkubwa mwenye cheo cha huo mji, John Montagu, karne ya 18, inasimuliwa alikuwa anaagiza nyama katikati ya vipande viwili vya mkate ili asiinuke mezani kwenye karata. Wengine wanasema alikuwa mezani anafanya kazi. Neno lenyewe limeshaandikwa toka mwaka 1762. Lakini watu kuweka kitoweo ndani ya mkate walianza zamani sana kabla yake.

Msambaa wa Soni
Na sie wa mlimani tuongee. Mboga nyingi mnazokula hapo mjini zinatoka kwetu Lushoto, kwahiyo chagua zinapoingia asubuhi, jani la saladi likishalala juani sokoni limeshanywea halikai hata ulifute vipi. Badala ya nyanya mie naweka karoti iliyokwaruzwa nikaikamua na kabichi jembamba, vinakaa mpaka mchana bado vinalia mdomoni.

Ninayoipenda mwenyewe ni ya parachichi. Liponde na ndimu na chumvi, paka nene, weka yai juu au hata bila yai. Mafuta yake yanafanya ile kazi ya siagi. Ukitia ndimu ya kutosha na kulifunika na mkate pande zote haliwi jeusi haraka. Na siku ukipanda Lushoto pitia shamba la Irente, kuna jibini na mkate mweusi wa shayiri nyeusi, mzito, ule hata ukimwagia supu unakaa.

Kaka wa Kange
Msambaa umenikumbusha, dada kama una mtindi mzito wa Tanga Fresh, umwage kwenye kitambaa safi uning'inize ndani ya friji usiku kucha juu ya bakuli. Asubuhi maji yamebaki chini na kwenye kitambaa una kitu kizito kama jibini laini, tia chumvi na kitunguu jani. Watoto wa dada yangu wanaililia hiyo. Siagi kwanza lakini!

Na mkate usiulaze kwenye friji, mkate kwenye friji unachakaa haraka kuliko ukiwa nje. Kama umenunua mwingi weka friza, toa slesi unazotaka zitayeyuka zenyewe.

Mama Twaha
Jamani nimerudi kuwapa mrejesho, nina furaha mpaka mikono inatetemeka. Jumapili jioni nilipika katlesi za Bi Kidawa kumi na mbili, bapa kama alivyosema. Jumatatu alfajiri nikapasua boflo, nikalipasha ndani juu ya kaango kavu, nikaliacha lipoe kwanza, hapo nilitaka kuharakisha nikakumbuka ya Kaka wa Kange nikasubiri. Siagi mpaka ukingoni. Katlesi baridi, kabichi na karoti nilizokamua mpaka kiganja kimeuma, ile chatne kavu ya mtu wa Makorora nusu kijiko cha chai. Chupa ya ukwaju ya barafu ubavuni.

Saa nane kasoro nimesikia geti. Sikuuliza kitu, nikachukua begi, kopo jepesi! Limebaki punje za nazi tu kwenye kona. Kanambia mama ulikuwa bado unakwaruza, yaani ule mkate, nikitafuna ulikuwa unakwaruza, na kamkatia rafiki yake nusu na rafiki kamwambia kesho alete mbili. Nimemhadithia na bwana mkubwa wa Sandwich, kaniuliza kama alikuwa anakula na katlesi.

Jana Jumanne nikamuwekea ya mtindi na tango lililotolewa maji, hiyo imerudi robo, anasema tamu ila anataka na chumvi zaidi. Sasa Bi Kidawa naomba nikuulize, katlesi mbili zilinipasukia kwenye mafuta kima ikamwagika, nimekosea wapi?

Bi Kidawa wa Barabara ya 9
Alhamdulillah mwanangu, mbusu kwa ajili yangu. Viazi vyako vilibaki na maji. Ukishavimwaga maji virudishe jikoni kwenye sufuria kavu moto mdogo dakika mbili tatu, vitikise, utaona mvuke unatoka, ukiisha ndo menya. Na ukishazitengeneza zilaze kwenye sahani ndani ya friji nusu saa kabla ya kuzichovya kwenye yai, zitashikana. Mafuta yawe yameshika moto, chovya ncha ya kijiti, kikitoa mapovu tia. Usizigeuze mpaka upande wa chini umekuwa wa dhahabu, ukizichokoachokoa zitapasuka tu hata uwe fundi wa namna gani.