Planck alianzia wapi: kwenye "janga" au kwenye tanuri?

Fuawe_Lindi:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha sita. Mchana namsaidia mjomba kufua mapanga na majembe hapa Lindi mjini. Desa nililonunua linasema fizikia ya zamani ilitabiri kwamba kitu cha moto kitatoa urujuanimno (nuru isiyoonekana, iliyopita urujuani) bila kikomo, likaitwa "janga", ndipo Max Planck akaja 1900 kuokoa jahazi kwa kusema nuru hutoka vipande vipande. Nimeshakariri. Lakini chuma nakiangalia kila siku: kinaanza wekundu wa giza, kinakuwa cha machungwa, kisha njano, mwisho cheupe. Kijani sijakiona hata siku moja. Nilimuuliza mjomba, akanijibu, "Wewe puliza moto." Sasa naomba mwenye kujua: huyu Planck aliona nini hasa? Na kijani kinapotelea wapi?

Babu_Mikindani:
Marahaba mwanangu. Nimefundisha fizikia mpaka nimestaafu, siku hizi nalinda mikorosho na kukosoa madesa ya watu. Hilo lako limegeuza hadithi kichwa chini. Jina la "janga la urujuanimno" alilitoa mwanafizikia Paul Ehrenfest 1911, miaka kumi na moja baada ya kazi ya Planck. Mtu hawezi kukimbilia kuzima moto ambao hata jina haujapewa.

Twende Berlin. Enzi hizo Wajerumani walikuwa na boma lao hapa kwetu Mikindani, na kwao Charlottenburg walikuwa na taasisi ya vipimo iliyotaka kipimo thabiti cha mwanga wa taa. Wakatengeneza tanuri dogo lenye tundu, wakapima kinachotoka tunduni kwa kila joto. Fomula ya mwanafizikia Wilhelm Wien ya 1896 ilikuwa ikijibu vizuri, na Planck aliamini ameshaipatia msingi. Ikaja kukwama, tena upande ambao desa lako halikuutaja kabisa: kwenye mawimbi marefu, yale ya joto lisiloonekana kwa macho. Wapimaji Heinrich Rubens na Ferdinand Kurlbaum waliyapata kwa kuakisi mnururisho (nuru na joto linalotoka tanurini) mara kadhaa kwenye fuwele, mojawapo ya chumvi ya mawe. Ndiyo, chumvi! Ninyi wa Lindi mngeomba zabuni.

Jumapili ya tarehe 7 Oktoba 1900 Rubens na mkewe wakamtembelea Planck nyumbani. Katika maongezi Rubens akamdokeza kuwa kwenye mawimbi marefu mnururisho unapanda sawia na joto. Wageni walipoaga, Planck akavuta karatasi, na jioni ile ile akapata fomula inayomfuata Wien upande mmoja na Rubens upande wa pili. Tarehe 19 akaisoma mbele ya wanafizikia wenzake. Kesho yake asubuhi Rubens huyo mlangoni: usiku amelinganisha na vipimo vyake, imejibu.

Sasa kupatia fomula ni jambo moja, kujua kwa nini imejibu ni jingine. Wiki nane alihangaika. Mwishowe akashika njia ya mwanafizikia Ludwig Boltzmann ya kuhesabu kwa bahati nasibu, njia ambayo miaka yote alikuwa haipendi, na ili hesabu iende akagawa nishati kwenye mafungu yasiyogawanyika tena. Tarehe 14 Desemba akaitangaza. Baadaye sana, 1931, aliandika kwamba lilikuwa tendo la kukata tamaa.

Kuhusu chuma chako, fikiria kangomba, ule ununuzi wa magendo wa korosho kwa bakuli. (Msije kunikamata, natoa mfano tu.) Bakuli likijaa ndiyo biashara, nusu bakuli hakuna. Kila rangi ina bakuli lake, na mtetemo ukiwa wa kasi zaidi bakuli linakuwa kubwa zaidi. La urujuani ni karibu mara mbili ya la nyekundu. Chuma cha nyuzi 800 ni mnunuzi mwenye vijisenti: bakuli la nyekundu analimudu mara chache, la urujuani karibu halishiki kabisa. Ukizidisha moto, kijani kinatoka, ila kinakuta nyekundu na njano zimeshajaa uwanjani. Jicho linazichanganya, unaona njano, halafu weupe.

Mnazi_Mbichi:
Babu shikamoo. Kwa hiyo Planck ndiye aliyegundua fotoni, yale mafungu ya nuru?

Babu_Mikindani:
Marahaba. Hapana, na hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Mafungu ya Planck yalikuwa ya vile vinavyotetema ndani ya kuta za tanuri. Nuru yenyewe aliiacha iwe wimbi. Aliyesema nuru nayo ni mafungu ni Albert Einstein, 1905, akiwa karani wa hataza (haki za uvumbuzi) kule Bern. Planck hakuafiki! 1913, yeye na wenzake walipompendekeza Einstein kwenye Akademia ya Berlin, walimmwagia sifa, kisha wakamwombea radhi kwa kuvuka mpaka kwenye hilo la mafungu ya nuru. Nobeli ya 1918 Planck aliipata kihalali, mimi simnyimi. Ila alifungua mlango akabaki kizingitini miaka mingi.

Fuawe, tafuta CD ya zamani. Usiku zima taa, chuma kikiwa cheupe kitazame kwenye mgongo wa CD, unaotenganisha rangi. Usisogee karibu.

Fuawe_Lindi:
Babu, nimekiona! Kijani kipo, kimebanwa kati ya njano na kibuluu hafifu. Mjomba kaninyang'anya CD achungulie mwenyewe, panga limepoa na mwenye panga kalalamika.