Mzee kaandikiwa dawa ya "mambo yale" kwa ajili ya mkojo, kaigomea

Mwana_Kibosho: Wakuu, naombeni ushauri. Mzee wangu ana miaka 66. Usiku anaamka mara nne hadi tano, namsikia toka chumbani: matone, kimya, matone. Juzi tukashuka Moshi mjini, wakasema tezi dume imekua, si saratani. Kaandikiwa tadalafili 5 mg, kimoja kila siku. Kijana wa duka la dawa akacheka, "Babu, bado unayataka?" Mzee kanuna mpaka leo, hajameza hata kimoja. Kweli hii ni ya mkojo?

Mchuma_Kahawa: Mbegu za maboga mkuu, achana na hayo madawa.

Fundi_Maabara: Ni ya mkojo, na ya hayo mengine pia. Mishipa ya fahamu ya shingo ya kibofu na tezi ina kimeng'enya kinachotengeneza gesi, nitriki oksaidi. Gesi haikai, sekunde chache imeisha, ila inaamsha kimeng'enya cha pili kinachozalisha cGMP, na hiyo ndiyo inayolegeza misuli mkojo upite. Cha tatu, PDE5, kazi yake kuivunja cGMP. Fikiria mfongo wa kwenu, ule mfereji wa kumwagilia: mmoja anafungua maji, mwingine anamfuata nyuma anaziba. Tadalafili inamshika mkono anayeziba. Tezi yenyewe haipungui, usije ukamlaumu daktari. Marekani waliiruhusu kwa kazi hii tangu 2011. Anatumia dawa gani nyingine?

Mwana_Kibosho: Ya presha. Na vile vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, ila ni mara mojamoja, hata hospitali sikuvitaja.

Fundi_Maabara: Simama hapo hapo! Hivyo kwa kawaida ni naitreti, vinaleta nitriki oksaidi ile ile. Maji yameongezwa na wa kuziba kashikwa mkono: presha inaporomoka, mtu anaweza asiamke. Tadalafili asiiguse. Vya ulimi asiviache. Bebeni dawa zote kwenye mfuko mmumwagie daktari mezani. Zipo zinazopita njia nyingine, kama tamsulosini, lakini nayo hushusha presha, kwa hiyo aamue yeye.

Mama_Wawili: Na huyo kijana wa dukani alipata muda wa kucheka, wa kuuliza dawa nyingine akakosa.

Mwana_Kibosho: Nimempigia mama. Pakiti ipo kwenye koti la kanisani, haijafunguliwa. Kesho alfajiri tunashuka.