Pikipiki ni yangu, betri ni yao, soketi wameifunga

Maboda wenzangu wa pikipiki za umeme hapa Nairobi, niambieni kama ni mimi peke yangu.

Jana saa kumi na mbili jioni, mvua Jogoo Road, abiria kila mahali, betri imebaki asilimia 9. Kituo cha kwanza cha kampuni, pale tunapoacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa: pikipiki tisa mbele yangu, betri iliyojaa hakuna hata moja. "Ngoja kidogo, bosi." Cha pili, stima zimepotea. Cha tatu nilifika nikisukuma, abiria wa Utawala ameshashuka na kulipa nusu. Saa mbili kasorobo ndipo nikapewa betri, tena ile mizee: ukitoka kituoni inaonyesha 100, ukifika Donholm iko 80.

Halafu mtu ananiambia kubadilisha ni dakika mbili. Ni mbili, ndiyo. Ile foleni nani anaihesabu?

Lakini kinachoniuma si foleni. Nyumbani Umoja nina soketi ukutani. Betri hii inakula kama uniti tatu, kwa tokeni ni kama shilingi mia. Kituoni natoa 200, mara mbili kwa siku. Na mwaka 2023 iliwekwa bei maalum ya stima ya kuchaji vyombo vya usafiri vya umeme: shilingi 16 kwa uniti, usiku 8, kabla ya kodi. Hiyo nafuu inaishia mfuko wa nani? Usiku mimi nimelala, pikipiki imelala, soketi iko pale. Siwezi. Betri si yangu, plagi yake haiingii chaja yoyote ya dukani, na ukiichokora wenye kampuni wanakuzimia pikipiki wakiwa ofisini kwao.

Najua mtasema betri ikichoka hasara ni ya kampuni, na ningeinunua pamoja na pikipiki bei ingenishinda. Hilo nakubali. Ila magari ya Nio kule Uchina hubadilishiwa betri kituoni na bado yana mahali pa kuchomeka waya. Kwa nini sisi tufungiwe? Kampuni ya Better Place walianzisha mambo haya ya kubadilisha betri Israeli, wakafilisika 2013. Hawa wetu wakifunga, nitabaki na nini? Fremu na viti?

Aliye na pikipiki ya kuchaji nyumbani na anabeba abiria kutwa, aseme hapa inampeleka kilomita ngapi na chaja aliipata bei gani. Na nyinyi wa kampuni mnaosoma kimya kimya, jibuni pia. Pikipiki yangu mnaijua, si ndiyo mnazima mkitaka.