Kwa nini −5⁴ si sawa na (−5)⁴?

Mzazi, Arua
Walimu wangu, shikamooni. Binti yangu wa Senior 1 aliambiwa aandike (−5) × (−5) × (−5) × (−5) kwa kutumia kipeo, akaandika −5⁴, akakosa alama. Swali lililotangulia, (−5) × (−5) × (−5), aliliandika −5³, akapata −125 na akapewa vema. Iweje njia ile ile ikubaliwe hapa na kukataliwa pale?

Mwalimu wa hisabati, Mbale
Marahaba, mzazi. Kosa lilikuwamo katika maswali yote mawili, ila katika lile la kwanza lilijificha. Kipeo huhusu kile tu kinachokigusa. Katika −5⁴ kinagusa 5 peke yake, kwa hiyo tunazidisha 5 × 5 × 5 × 5 na kupata 625, kisha hasi iliyobaki nje inalifanya jibu kuwa −625. Katika (−5)⁴ mabano yameifunga hasi pamoja na 5, na kwa kuwa hasi mbili zikizidishwa huzaa chanya, hasi zote nne humalizana na jibu huwa 625. Kipeo kikiwa namba witiri, kama 3, hasi moja hukosa mwenzake, ndiyo maana (−5)³ na −5³ zote ni −125. Mimi, kwa ukali wangu, nisingempa vema hata katika lile la kwanza.

Mhasibu, Jinja
Tahadhari moja: msiiachie kompyuta kuamua ubishi huu. Katika Excel, ukiandika =-5^4 utaletewa 625, kwa sababu programu hiyo huishughulikia hasi ya mbele kabla ya kipeo, ilhali Python, lugha ya kuandikia programu, kwa -5**4 (humo ** ni alama ya kipeo), huleta −625 kama Mwalimu alivyoeleza. Niliwahi kuhangaika nusu siku na hesabu za ofisi kabla ya kuligundua hilo.

Mzazi, Arua
Nimeelewa, ahsanteni. Basi (−2) × (−2) × (−2) × 7 × 7 ataandika (−2)³ × 7²?

Mwalimu wa hisabati, Mbale
Ndivyo, na jibu ni −8 × 49, yaani −392. Namba 7 haihitaji mabano kwa kuwa ni chanya. Akikutana na sehemu, aifunge yote, kwa maana (−2/3)² ni 4/9, lakini akisahau mabano kipeo kitaigusa 3 tu.