Naomba ushauri: mume amechoka na simu za usiku, nami nimechoka kuzipokea

Koplo_Pembeni:
Wakuu, habari za Jumamosi. Mimi ni askari polisi wa kike, koplo, mpelelezi wa Dawati la Jinsia na Watoto katika wilaya ambayo naomba niihifadhi. Dawati letu lina wapelelezi wawili tu, hivyo tunapokezana wiki kwa wiki, na katika wiki yangu simu ya usiku ni yangu, iwe saa sita au saa kumi alfajiri. Mtoto aliyefanyiwa ukatili haletwi kituoni kwa miadi. Anahitaji PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, anahitaji kuwahishwa hospitali kwa sababu dawa za kumkinga na maambukizi ya VVU hazisaidii zikianzwa baada ya saa 72, na anahitaji mtu wa kumsikiliza faragha badala ya kuhojiwa kaunta mbele ya walevi.

Mume wangu ni seremala, mtu mpole, lakini siku hizi simu ikiita hugeukia ukutani bila kusema neno. Mwanetu wa miaka minne naye amejifunza jambo moja: akisikia mlio wa simu, huamka na kwenda kuficha kiatu changu kimoja. Kimoja tu, na kila mara mahali papya.

Swali langu ni hili: je, niombe kuhamishiwa masijala, ambako kazi huisha saa tisa na nusu, au nivumilie? Wiki iliyopita lilitokea jambo dogo kazini lililonifanya nione heri niondoke. Naomba ushauri wa ndoa zaidi kuliko wa kazi.

Kirungu_Mstaafu:
Binti yangu, pole. Nilitumikia Jeshi miaka 31, na wakati wetu hapakuwa na simu za mkononi. Konstebo wa zamu alipanda baiskeli, akaja kota na kugonga dirisha kwa rungu. Marehemu mke wangu alimtambua kila konstebo kwa ugongaji wake, aliweza kuniambia ningali kitandani, "Huyu ni yule Mgogo, na akigonga taratibu hivi ujue kuna maiti." Usiku mmoja wa masika niliitwa mara tatu, na mara ya tatu nikamkuta ameshanipigia pasi suruali kavu. Sikumwoa kwa ajili ya pasi, lakini siku ile nilijua nimeoa.

Chumvi_Bahari:
Afande, mtoto anayeficha kiatu kimoja badala ya viwili amekwisha kufikiri kuliko wahalifu wengi. Mwandikisheni Shule ya Polisi Moshi mapema, nafasi zisije zikajaa.

Mama_Ibada:
Dada, nyumba hujengwa na mwanamke. Kabla ya kuomba uhamisho, jiulize mara ya mwisho ulipika chakula cha usiku lini ukakaa mezani mpaka mwisho. Mume anayegeukia ukutani leo, kesho atageukia mlango.

Muuguzi_Zamu:
Mama Ibada, huyu baba naye ana mikono, na nadhani ugali haumshindi. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, nami huwa na wiki za kuitwa usiku. Kilichotusaidia nyumbani ni kuandika ratiba kwa kalamu nyekundu na kuibandika jikoni, hata mama mkwe akafahamu kwamba wiki nyekundu haletewi wageni. Alikasirika miezi miwili. Sasa yeye mwenyewe ndiye anayewaambia wageni, tena kwa ukali kuliko mimi, na mwezi uliopita alimrudisha shemeji yangu stendi akiwa na mizigo yake yote.

Mkwezi_78:
Sheria ya kazi inasema saa 45 kwa wiki. Fungua malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ulipwe saa za ziada zote.

Wakili_Bubu:
Ndugu Mkwezi, usimpoteze dada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imewatoa wazi askari polisi, pamoja na wanajeshi na askari magereza, na sheria ya Jeshi la Polisi yenyewe humhesabu askari kuwa yupo kazini wakati wote. Saa hizo 45 ni zetu sisi raia.

Koplo, nimesoma andiko lako mara mbili. Umeeleza mlio wa simu, kiatu na ukuta, lakini "jambo dogo" umelipitia kwa nusu sentensi, na papo hapo ukatuomba tusizungumzie kazi. Ni jambo gani?

Koplo_Pembeni:
Sikutaka kulieleza kwa kuwa bado lina taratibu zake. Usiku wa Jumanne wiki iliyopita nilikuwa wa zamu na sikupatikana kwenye simu. Mtuhumiwa alikamatwa saa tano usiku, nami nilifika kituoni saa moja asubuhi. Maelezo yake ya onyo, yaani yale anayotoa mtuhumiwa baada ya kuonywa kuhusu haki zake, yakaandikwa nje ya muda, na wakili wa Serikali amerudisha jalada na maswali. Ndiyo maana nimeshapeleka barua ya kuomba masijala. Ipo kwa mkuu tangu Jumatano, kwa hiyo ninachouliza hasa ni namna ya kumweleza mume wangu kwamba mshahara hautabadilika.

Chumvi_Bahari:
Kumbe barua imeshakwenda! Huu ni ushauri wa kuomba baraka.

Nzi_wa_Kaunta:
Wakuu, hii ni chai, tena ya rangi, haina hata tangawizi. Kwanza, maelezo ya onyo yanaweza kuandikwa na askari mwingine, si lazima mpelelezi wa dawati. Pili, saa nne za kumhoji mtuhumiwa zinaweza kuongezwa kabla hazijaisha. Tatu, jalada la wiki iliyopita limefikaje kwa wakili na kurudi haraka hivyo? Mwandishi ametafuta mambo kidogo, akapachika mtoto na kiatu ili tulie.

Mama_Ibada:
Hata mimi kile kiatu kilinitia shaka.

Wakili_Bubu:
Hoja mbili za kwanza ni sahihi kisheria, na ndizo zinazonifanya niamini, kwa sababu anayetunga angeziba matundu hayo. Koplo, kwa nini aliyekuwapo kaunta hakuandika, na kwa nini muda haukuongezwa?

Koplo_Pembeni:
Jalada lilirudi haraka kwa sababu mtuhumiwa alitakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na ofisi ya wakili ipo ng'ambo ya barabara. Konstebo alikuwa peke yake na mahabusu tisa. Tuna maagizo kituoni kwamba mashauri ya watoto yasiguswe mpaka mtu wa dawati afike. Ni kijana mwenye mwaka mmoja kazini, akaogopa kumwamsha mkuu wa kituo, akaendelea kunitafuta mimi. Alipiga mara kumi na nne.

Hata hivyo shauri halijafa. PF3 ipo, daktari yupo, na Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi ulio bora katika makosa ya kujamiiana ni wa mwathirika mwenyewe. Sioni kwa nini watu wanakuza.

Kirungu_Mstaafu:
Mara kumi na nne zinahesabikaje kwenye simu isiyopatikana? Na maelezo yako kwa mkuu uliandika nini?

Koplo_Pembeni:
Zimo kwenye simu yake. Niliandika kwamba betri iliisha na umeme ulikatika mtaani.

Afande, umeme haukukatika. Simu ilipoita mara ya kwanza niliitazama, nikaona ni kaunta. Mtoto alikuwa ameshashuka kitandani kwenda kutafuta kiatu. Nikaizima, nikaitumbukiza ndani ya ndoo ya mchele, nikamrudisha akalala. Mume wangu alicheka kwa mara ya kwanza mwezi ule. Sijui ningefanya nini tofauti.

Muuguzi_Zamu:
Ningefanya hivyohivyo, na ningejuta hivyohivyo.

Nzi_wa_Kaunta:
Ya ndoo ya mchele nimeikubali. Naomba radhi. Lakini huyo konstebo, yeye ameandika nini?

Koplo_Pembeni:
Ameandika kwamba simu iliita mara moja, kisha ikawa haipatikani. Mkuu ameamini yangu kwa kuwa nina miaka tisa kazini. Kijana anasomewa mashtaka ya kinidhamu Jumatatu kwa kutotoa taarifa kwa mkubwa wake.

Kirungu_Mstaafu:
Kwa hiyo kwa kuomba masijala unakimbia kumtazama huyo kijana, si simu. Ndoa yako nitakushauri wiki ijayo. Jumatatu fika kwa mkuu kabla ya paredi, omba karatasi, andika maelezo mapya kwa mkono wako, na usilitaje jina la mume wala mtoto humo. Adhabu utapata, na barua yako ya uhamisho huenda ikarudi.

Koplo_Pembeni:
Wiki nyekundu inaanza kesho usiku, afande, na ni yangu. Kijana naye yupo kaunta. Nitapita kumwona yeye kwanza.

Chumvi_Bahari:
Simu usiiache kwenye mchele.