Kauwanja ka mita 6 kwa 4 hapa Chuno, Mtwara: nataka maua yaliyojazana kama ya vijijini Uingereza

Mama_Chuno
Wakuu, habari za jioni. Mbele ya nyumba nina mita 6 kwa 4 hivi, mchanga mtupu, ukuta upande mmoja. Nimeona picha za zile bustani za Uingereza: maua yamesongamana, kanjia kembamba, mmea umepanda mpaka juu ya mlango. Nianze na lavenda na mawaridi? Maji nanunua kwa dumu. Mume anataka tumwage zege apaki pikipiki.

MzeeMiche
Dada, shemeji mwachie mita moja karibu na geti, atulie.

Lavenda achana nayo, joto letu lenye unyevunyevu litaiozesha. Waridi panda moja tu. Kinachokuvutia kwenye hizo picha ni mchanganyiko. Wanakijiji wa kule walipanda kabichi, majani ya dawa na maua pamoja kwa sababu eneo lilikuwa dogo; akina Gertrude Jekyll (1843–1932), mbunifu wa bustani wa Uingereza, ndio baadaye wakaupeleka mtindo huo kwenye majumba ya wenye nazo. Huku kwetu Mikindani mabibi wanaweka mrehani, mchaichai na asumini kando ya kibaraza, na pilipili kichaa humohumo. Anzia hapo.

Kabla hujanunua mche hata mmoja, jua upepo unakuja wapi. Kusi ikishika, majani machanga yanakauka ncha. Upande huo weka bogenvilia, au mlonge unaoukata usizidi kimo chako. Mboga utachuma hapohapo. Asumini ikae dirishani kwa chumba cha kulala, inanukia usiku. Mlangoni pasheni, lakini kwa waya imara, ikibeba matunda ni nzito. Kanjia usikanyooshe, na upana uwe wa kupita na ndoo mkononi bila kuvunja mrehani. Maua ya chini panda kwa mafungu. Mche mmojammoja kwa mstari utakuwa kama gwaride la shule.

Miche iingie ardhini Desemba mvua zikishika. Mpaka Aprili utapumzika kununua maji mengi.

Kijana_wa_Newala
Mchanga huo unanyonya maji balaa. Aombe maganda ya korosho kwa wabanguaji, atandaze juu. Bure kabisa.

MzeeMiche
Hapana, mdogo wangu! Yale maganda yana mafuta yanayounguza ngozi, waulize hao wabanguaji wakuoneshe vidole vyao. Hapo huenda kuna mtoto atakayecheza peku. Chukua majani makavu ya mkorosho, na chini yake samadi ya mbuzi iliyokaa ikaiva.

Mama_Chuno
Asante sana, mzee wangu. Nina mawe ya matumbawe yaliyobaki kwenye ujenzi. Nipange kando ya njia? Na zile iksora nyekundu za vishada nazipenda mno.

MzeeMiche
Mawe panga, yanapendeza. Ila iksora iwe mbali nayo, bora kwenye chungu kikubwa, kwa sababu matumbawe yana chokaa. Ukiona jani limekuwa njano na mishipa imebaki kijani, ujue chokaa imeifikia.

Mama_Chuno
Na kuku wa jirani?

MzeeMiche
Tafuta nyavu chakavu kwa wavuvi, uzungushie, na chini uzifukie kiganja kizima. Kuku wa Mtwara haruki tu, anachimbua pia.